Shangazi, kaka anakuja Xi'an na mi sijui nimpeleke kula wapi

Shikamoo Shangazi,

Natumaini u mzima. Mi mzima wa afya ila nina jambo linaninyima raha na najua wapo watakaoona dogo. Ni binti wa miaka 22, kwetu Tanga, nipo Xi'an huku China mwaka wa kwanza chuo, nasoma mambo ya ujenzi wa barabara kwa skolashipu. Kaka yangu ndo alonilea baada ya baba kufariki, ana duka Kariakoo na kila mwaka anakuja Guangzhou kufunga mzigo, sasa safari hii kasema akimaliza anapanda ndege kuja kuniona siku 3. Na kaniambia kitu kimoja tu, "Mdogo wangu, miaka yote hii nakuja China nakula wali na kuku kwenye hoteli za Waafrika pale Xiaobei, sijawahi kula wanachokula wenyewe, naogopa nguruwe. We ndo unakaa huko, nilishe."

Shangazi mi mwenyewe sijui! Nimeenda Huimin Jie, ule mtaa wa Waislamu karibu na Mnara wa Ngoma, mara tatu. Mara ya kwanza nikanunua ngisi kwenye kijiti yuan 25, mgumu kama soli. Mara ya pili nikaingia ndani nikaagiza ile supu ya mkate inayosifiwa, paomo, ikaja mkate ushakatwa na mashine umelowa wote, nyama vipande viwili, vuguvugu. Mara ya tatu muuzaji kanitajia bei moja kwa mdomo afu kwenye simu ikakatwa nyingine. Nilipomsimulia mwenzangu wa darasani ambae ni Mchina akasema watu wa Xi'an hawaendi kula pale, nikamwambia bas nipeleke wanakokula, akanipeleka jengo la maduka ghorofa ya tano kwenye sufuria la kuchemshia, mi nikaona nyama ya jirani inaingia kwenye supu moja na uyoga wangu, nikanywa maji nikarudi hosteli.

Kinachoniuma ni hiki. Mama yangu anauza supu na chapati asubuhi toka niko mdogo, najua chakula cha mtaani kilivyo, najua harufu ya sufuria lililoinjikwa saa 10 alfajiri na mtu anayejua anachofanya. Siamini kama mji mkubwa namna hii hauna mama kama wangu. Yuko wapi? Ntamjuaje wakati Kichina changu bado ni cha kuhesabu na kusalimia? Halali ndo kitu cha kwanza. Na kingine, nikiingia sehemu ya wenyeji watupu kila mtu ananigeukia, wengine wanatoa simu wanapiga picha, naona haya natoka na njaa yangu.

Kaka anakuja mwezi ujao. Naomba unisaidie.

Binti wa Tanga, Xi'an

* * *

Marahaba mwanangu. Kwanza pole, na jambo lako si dogo hata kidogo, mtu aliyekulea akikwambia nilishe halafu ukakosa cha kumlisha hiyo inakaa moyoni, naielewa kabisa.

Mama kama wako wapo Xi'an, tena wengi, ila nahisi we unafika washafunga. Hujaniambia ulienda saa ngapi lakini mwanafunzi mchana ana vipindi, kwa hiyo nina hakika safari zote tatu zilikuwa jioni, taa zinawaka, watu wanasukumana. Sasa fikiria mtu katoka China kafika Tanga saa 2 usiku anatafuta supu ya mama yako, ataikuta? Atakuta chipsi mayai, atarudi kwao aseme watu wa Tanga wanakula viazi vya kukaanga. Mi nilikaa Xi'an miaka minne, nilisoma lugha kwanza halafu biashara, na kilichonifungulia mji ule ni saa ya kuamka tu. Siku moja nilitoka saa 12 na nusu asubuhi kumsindikiza mwenzangu stesheni, nikaona kila kona mvuke unapanda, masufuria makubwa, watu wamekaa kwenye vistuli vifupi magoti yanagusa kidevu wanakula kitu kizito cha kahawia na hawaongei, nikasimama pale hadi mwenzangu akaniambia treni itamwacha. Miezi minane nilikuwa nimelala usingizi juu ya chakula kile.

Na usiwachukie wale wa Huimin Jie. Ni Waislamu wenzetu, Wahui, familia nyingi zimekaa kwenye eneo lile vizazi na vizazi, na mpangaji wa pale analipa kodi kubwa. Ila anayempikia mpita njia ambaye hatamuona tena hapiki sawa na anayempikia jirani atakayerudi kesho na keshokutwa, ambaye supu ikipwaya atamwambia palepale mbele za watu. Kwa hiyo usitafute mtaa mwanangu, tafuta mpishi ambaye wateja wake wanarudi kesho. Ukishashika hilo dalili utaziona mwenyewe hata bila Kichina: wateja ni wazee na watoto wenye sare za shule, hakuna anayeangalia menyu, wengine wamekuja na vyombo vyao vya nyumbani kubeba, na muuzaji ana vitu viwili au vitatu tu na vikiisha anafunga anaenda zake. Ukikuta ubao una picha 80 na mtu anakuita kwa kipaza sauti, pita. Na ngisi jamani! Xi'an iko bara kabisa, bahari iko mamia ya kilomita, ngisi anatafuta nini pale? Wewe Mtanga ulale njaa ukitafuna ngisi wa friza Xi'an, hapana.

Sasa nikupe njia. Panda metro laini namba 1, shuka stesheni inayoitwa Sajinqiao, toka nje elekea kusini. Huo mtaa wenyewe ndo Sajinqiao, ukiendelea kushuka unabadilika jina unaitwa Damaishi, na mwisho unatokea barabara kubwa ya Xi Dajie. Ni eneo lilelile la Wahui, ndani ya ukuta wa mji, upande wa kaskazini magharibi ya Mnara wa Kengele, yaani uko karibu tu na pale ulipokula ngisi, lakini mabasi ya watalii yanaishia kule na wenyeji wananunua nyama na mboga huku. Nikuonye, huu mtaa nao umeshapigwa video sana, mwisho wa wiki na sikukuu za mwanzo wa Mei na wiki ya kwanza ya Oktoba Wachina wa mikoa mingine wanajaa hadi huwezi kugeuka. Siku ya kawaida, saa 1 asubuhi, utaukuta wa kwao wenyewe. Na ile Dapiyuan, uchochoro unaochepuka kutoka kwenye huohuo mtaa wa watalii, ingia humo pia, hatua mia tu kelele zinapungua unaanza kuona watu wanaosalimiana kwa majina.

Njia ya pili, na hii ndo naipenda zaidi, ni msikiti. Wahui wa Xi'an wana usemi wao wa zamani, misikiti 7 na mitaa 13, maana eneo lile lote lilijengwa hivo, msikiti katikati, nyumba zikauzunguka, na chakula kikaufuata. Watalii wanaujua mmoja tu, Msikiti Mkuu wa uchochoro wa Huajue, ambao jiwe lake la maandishi linataja mwaka 742 na majengo yake mengi ni ya enzi ya wafalme wa Ming, hauna kuba, una mapaa ya Kichina na bustani, mpeleke kaka auone kwa kweli atashangaa. Lakini kwa habari ya tumbo nenda kwenye hii midogo midogo ya mitaani. Kaka aswali Alfajiri pale halafu akitoka mwende polepole nyuma ya wale wazee wa kofia nyeupe, muone wanaingia wapi. Wazee wale wamekula mtaa mmoja maisha yao yote, hawakosei. Na salamu yako ya Kiislamu inaeleweka, wao wenyewe neno lao ni "seliamu", ukimtolea mpishi salamu uso wake unabadilika pale pale, mi nimeona mara nyingi. (Wao wanafuata madhehebu ya Hanafi, kwa hiyo kaka asishangae Alasiri yao kuchelewa kuliko ya kwetu.)

Asubuhi utakuta nini? Kuna hulatang, supu nzito ya pilipili manga yenye vidonge vya nyama ya ng'ombe, viazi, karoti na kabichi, wanamegea mkate humo humo, ukinywa kwenye baridi unatoka jasho puani. Watu wa mkoa jirani wa Henan nao wana yao, tofauti, na wakikutana na watu wa Xi'an wanabishana kama sisi na Wapemba kwenye mambo ya pweza. Kuna youcha, huo ni uji hasa, unga unakaangwa na mafuta ya ng'ombe kwanza halafu unapikwa na njugu na ufuta, juu wanakuwekea vipande vya unga uliosokotwa ukakaangwa. Na kuna zenggao, hii lazima kaka aile, mchele wa kunata na maharage na tende za Kichina vinapangwa tabaka tabaka kwenye chungu kikubwa vinapikwa kwa mvuke usiku kucha, asubuhi muuzaji anakata kwa kisu kirefu kutoka juu hadi chini ili upate kila tabaka. Zile "tende" si tende za mtende ujue, ni ndugu wa kunazi zetu, ukizitafuna vizuri utajua. Kufika saa 5 mkokoteni wa zenggao unakuwa mtupu, na ukikuta mtu anaiuza saa 3 usiku kwenye kikombe cha plastiki si ile.

Paomo sasa. Nimesikitika ulivyokula ile ya mashine kwa sababu kwenye paomo nusu ya kazi ni yako wewe mlaji. Ukiingia kwenye sehemu ya kweli wanakupa bakuli tupu na mikate miwili mikavu, migumu, imetiwa hamira kidogo tu, basi, hakuna anayekuja tena. Unanawa mikono, unakaa, unaumega kwa vidole vipande vidogo kama punje ya maharage, si kama kidole gumba, punje. Inachukua nusu saa. Wazee wanakuja na wenzao wanamega huku wanaongea habari za watoto na bei ya nyama, ndo baraza lao hilo. Ukimaliza bakuli lako linapelekwa jikoni na kinamba, mpishi anapika bakuli moja moja na supu ya mifupa iliyochemka usiku mzima, na wenyewe wanasema mpishi anaangalia kwanza umemega vipi, akikuta vipande vidogo safi anajua huyu anajua anatia bidii, akikuta mabonge anakupikia hivohivo. Sababu ipo, kipande kikubwa kinalowa nje ndani kinabaki unga, supu haiingii.

Na kuna maneno ya kuagizia, ukiyajua umeshakuwa mwenyeji nusu. Koutang ni kwamba ukimaliza kula kunabaki supu funda moja tu. Ganba ni kavu, supu yote imenywewa na mkate. Shuiweicheng, maana yake maji yamezunguka mji, mkate katikati supu pembeni, hii ndo uanze nayo. Danzou ni mkate mbali supu mbali, kwa kaka aliyezoea chapati na supu atajisikia nyumbani kabisa. Ikija usikoroge! Unakula kuanzia pembeni kuingia ndani taratibu, pilipili ya kusaga unaweka kidogo kidogo, na kitunguu thomu cha achari tamu unatafuna katikati ya funda, kotmiri juu. Mwanangu, hiki ni chakula cha mchana, mkipe muda, msiende mkiwa na haraka ya kupiga picha ukutani.

Mchana wa joto kuna liangpi, utepe mpana wa unga uliopikwa kwa mvuke unaliwa baridi, na ile ya Wahui inamwagiwa rojo la ufuta. Mwambie kaka ufuta, China ndo mnunuzi mkubwa wa ufuta wetu Tanzania, wa Lindi na Mtwara ule, kwa hiyo huenda anakula jasho la mkulima wa kwao. Jioni mishkaki ya kondoo kwenye vijiti vyembamba vya chuma, bizari nyembamba na pilipili, nyama ndogo ndogo na pande la mafuta katikati, hesabu vijiti vyako maana unalipa kwa kuhesabiwa.

Habari ya halali, hapa soma polepole. Neno la Kichina la halali ni qingzhen, linaandikwa 清真, piga picha hizo herufi mbili ziwe kwenye simu yako na ya kaka. Usitegemee maandishi ya Kiarabu peke yake, sehemu kadhaa China yameondolewa kwenye vibao miaka ya karibuni, herufi hizi ndo utakazoziona. Halafu jambo ambalo wageni wengi hawaambiwi, neno rou, 肉, nyama, likiandikwa peke yake bila kutaja mnyama Wachina wanamaanisha nguruwe. Ng'ombe wataandika 牛, kondoo na mbuzi 羊, nguruwe mwenyewe akitajwa ni 猪. Ndo maana ule mkate wa nyama maarufu wa Xi'an, roujiamo, uko wa aina mbili, kwenye duka la kawaida ni nguruwe wa mchuzi, kwenye duka la Wahui ni nyama ya ng'ombe iliyotiwa chumvi ikachemshwa, na majina yanafanana kwa mtu asiyejua. Na hata ukiagiza mboga tupu au tambi za mayai kwenye duka lisilo la qingzhen mafuta yanaweza kuwa ya nguruwe na kikaango ni kimoja, kwa hiyo ulivyofanya kule kwenye sufuria la ghorofani ulifanya sawa, usijione mshamba. Zile tambi pana kama mkanda, biangbiang, zenye ile herufi ya mistari zaidi ya 50, zitafute kwenye duka la qingzhen, zimwagiwe mafuta ya moto juu ya pilipili, utasikia zinavyolia. Na kitu kimoja cha mwisho hapo, kuna kinywaji kizito cheupe kitamu wanauza mji mzima kinaitwa choujiu, kinaonekana kama uji wa mchele, hicho ni pombe. Chukueni soda ya machungwa ya Bingfeng ya chupa, ndo wanayokunywa wao na liangpi.

Sasa huyu mwenzako wa darasani, usimlaumu. Mchina akimpenda mgeni anampeleka sehemu yenye kiyoyozi na viti vyenye mgongo, hawezi kukuketisha kwenye kistuli barabarani, ataona amekudhalilisha. Si hata sisi? Mgeni akija nyumbani Tanga nani anampeleka kwa mama lishe, tunakopa hela tununue kuku. Kwa hiyo ukiuliza "wapi pana chakula kizuri" watakutajia palipo na jina. Badili swali. Uliza "wewe mwenyewe asubuhi unakula wapi", kwa Kichina nin ziji zaoshang zai nar chi, na usimuulize mwanafunzi ambaye anaagiza chakula kwa simu kitandani, muulize yule mama wa zamu wa hosteli yenu, mlinzi wa geti, fundi baiskeli. Hasa mlinzi, ametoka zamu ya usiku ana njaa, ana hela kidogo, hawezi kula vibaya.

Simu nayo inasaidia ukiitumia vizuri. Ramani na mitandao ya kwetu huku inakwama huko, we weka Dazhong Dianping, programu ya Wachina ya kutafuta migahawa, andika 清真 na jina la mtaa kwa herufi za Kichina, usiandike kwa Kiingereza maana kwa Kiingereza unaletewa wanaotafuta Wazungu. Usikimbilie nyota tano. Maduka mengine yanatoa sahani ya bure kwa anayeandika sifa, na vijana wa China wenyewe siku hizi wanatafuta makusudi sehemu za nyota 3.5, zile ambazo mwenye duka hana muda wa kubembeleza nyota na watu wanalalamika kuwa mhudumu ana uso mkavu lakini wanaendelea kurudi. Soma malalamiko. Wakilalamika foleni, kelele na kukosa kiti, nenda. Wakilalamika nyama au bei, acha.

Hela utalipa kwa kuskani kama kawaida, kaka aunganishe kadi yake na Alipay kabla hajafika, na we ile siku ukitajiwa bei mwombe muuzaji aandike namba kwenye simu kabla hujalipa, hawakasiriki. Tumbo halina shida ukila kinachochemka mbele yako na kinachoisha haraka.

Kuhusu kuangaliwa. Mwanangu hili nisikudanganye, wataangalia, na simu zitatoka, na mara ya kwanza moyo unashuka kweli. Mi nilikuwa nageuza uso, halafu bibi mmoja muuza zenggao akanivuta mkono akanikalisha upande wake wa ndani ya mkokoteni, mgongo kwa barabara, akanipa kijiko. Hakusema kitu. Nikarudi kesho yake, na kesho yake tena, siku ya tano hakuna aliyegeuka tena maana nilishakuwa yule mteja wa bibi. Ndo dawa pekee ninayoijua, chagua sehemu moja urudi palepale, usizunguke kila siku duka jipya, kila duka jipya unaanza kuangaliwa upya. Kaa umeelekea jikoni usielekee barabarani. Asiyependeza akileta simu usoni sema bu yao pai, usipige picha, kwa sauti ya kawaida, wenyeji wenyewe watamkemea.

Kwa siku 3 za kaka usimchoshe. Asubuhi zote tatu Sajinqiao, mchana mmoja wa paomo bila haraka, na usiku mmoja mpeleke kwenye mgahawa wa watu wa Xinjiang, Waislamu wa magharibi ya China, Xi'an wapo, muagizie zhuafan, wali wa kondoo na karoti, ambao kwa lugha yao, Kiuyghuri, unaitwa polo, na akionja ataitambua pilau bila kuambiwa. Akiweza kuongeza siku, treni ya kasi hadi mji wa Lanzhou inachukua saa 3 hivi, mlale huko mle tambi za ng'ombe asubuhi kwao zilikozaliwa. Wenyewe hawaziiti lamian, wanasema niurou mian, na wanazipima kwa rangi 5, supu angavu, figili nyeupe, mafuta ya pilipili mekundu, kotmiri kijani na tambi za njano, mpishi anakuvutia pale pale unene unaotaka, kuanzia maoxi nyembamba kama unywele hadi dakuan pana kama mkanda, mwambieni erxi ndo ya katikati. Na hata asipofika Lanzhou mfundishe hili la Guangzhou, yale maduka madogo ya Lanzhou lamian yaliyojaa kila mji China mengi yanaendeshwa na Waislamu wa Hualong, mkoa wa Qinghai, na kibao cha qingzhen kipo mlangoni, kwa hiyo hana haja ya kula kuku wa Xiaobei kila siku. Vyakula vya Kikanton, vya wenyeji wa Guangzhou, awe navyo makini, nguruwe na mafuta yake yako kwenye vingi.

Mwezi huu uliobaki usikae kumsubiri. Kesho weka saa ya kuamka, kama baridi imeanza huko itakuwa bado giza maana China nzima inatumia saa ya Beijing na jua linawachelewa, vaa vizuri toka. Chagua mpishi mmoja, rudi kwake kila uwezapo, na ikibaki wiki kaka afike mwambie wo ge yao lai, kaka yangu anakuja. Usimwombe chochote, we mwambie tu. Siku mtakayofika wawili, angalia atakavyochota nyama kwenye bakuli la kaka.

Shangazi yako